Bibi, mkuyu na mimi

Najua nimekuwa kimya, mniwie radhi. Leo siasa naziweka kando. Nataka kuwasimulia mti wenye urefu wa sentimita 30 hivi, ulioniletea kesi na bibi yangu.

Kwetu ni Itiryo, wilayani Tarime, kule juu karibu na mpaka wa Kenya. Mimi nakaa Dar, ghorofa ya nne, na juu ya paa, kando ya matenki ya maji, mwenye nyumba ameniachia kona. Hapo ndipo ugonjwa wa bonsai uliponikamatia. Kwa asiyejua, ni ufundi uliotoka China ukakomaa Japani: unachukua mche wa mti wa kawaida kabisa, unaukuza ndani ya chombo kifupi, unaukata na kuukunja mpaka ufanane na mti mzee wa porini. Pale Washington upo msonobari ulioanza kutunzwa hivyo mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mwaka 1976 mzee Masaru Yamaki akawapa Wamarekani zawadi. Niliposoma hayo nikasema basi, na mimi nitakuwa na wangu!

Nikaanza na kahawa. Babu, enzi za uhai wake, alinipa punje za arabika kutoka shambani kwake. Zilichukua karibu miezi miwili kuchipua, nikashangilia kama mtoto. Lakini kahawa ile imezoea ubaridi wa milimani, na zege la Dar mwezi wa pili linachoma hata ukiwa na ndala. Miche kumi na mmoja, yote ikakauka. Babu akapiga simu, "Kahawa yangu inaendeleaje?" Nikajibu inaendelea vizuri. Alifariki kabla sijamwambia ukweli.

Baadaye nikaokota makuyu kando ya mto nyumbani. Mbegu zake ni ndogo kama mchanga, huzifukii, unazinyunyiza juu tu ya udongo wenye unyevu. Huu mti hauna adabu, unaota hata kwenye ufa wa ukuta! Mche ulipokomaa kidogo nikaukata mzizi mkuu, nikauhamishia kwenye sufuria ya zamani niliyoitoboa matundu, yenye kokoto ndogo, mchanga na samadi kidogo. Maji asubuhi na jioni. Nikauzungushia waya shina lipinde vizuri.

Mwezi uliopita Bibi akaja kutibiwa mtoto wa jicho. Kabla ya upasuaji alikuwa haoni zaidi ya kivuli. Nikampandisha paani taratibu apunge upepo, nikamwekea sufuria mapajani. Akapapasa majani, akashuka kwenye shina, vidole vikasimama kwenye waya.

"Mume wangu, umeufunga?"

Nikaanza kueleza mambo ya Japani. Akanikatisha: "Na chakula unaupa kidogo ili usikue?"

Wasomaji wangu, mimi nahoji mawaziri kwa kazi, lakini hapo sikuwa na jibu. Nikaleta koleo, nikakata waya. Nilikuwa nimechelewa, ulishaingia kwenye gome na kuacha kovu la kuzunguka kama nyoka. Kosa la mwanafunzi, waya hukaguliwa kila baada ya wiki chache, mimi niliuacha miezi.

Nikaona hiyo ndiyo siku ya kutubu. Nikamwambia na habari ya kahawa. Akacheka mpaka akakohoa. "Babu yako alijua. Alisema kahawa haitaota kwenye joto la Dar, ila muache ajaribu." Miaka yote hiyo nimebeba mzigo ambao mwenyewe alishautua!

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa alitaka kupanda tena paani. Akautazama mkuyu muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kovu, akasema upandwe Itiryo, chini, karibu na babu. Nikamwambia, bibi, huu nimeulea miaka minne, nitafikiria.

Basi la Tarime linaondoka Jumamosi alfajiri. Leo asubuhi nimepanda kumwagilia, sufuria haipo. Nimeikuta sebuleni, imefungwa vizuri kwa kanga, kando ya mabegi yake.