Mchoraji Alisimama Wapi?

Kwenye TP mwaka jana nilipangiwa Historia ya kidato cha nne, mada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kitabu kina tarehe na sababu tu, nikaona hapa watalala wote. Basi nikapakua kurasa 12 za The War Illustrated, jarida la picha lililoanza kutoka London Agosti 1914, mhariri wake John Hammerton. Nikazichapisha kwa hela ya bumu. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Nikabandika mchoro mmoja ubaoni: wapanda farasi wa Uingereza, panga juu, Wajerumani wanakimbia. Nikasema, "Vita vilikuwa hivi." Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akakiacha Kiingereza cha darasani. "Samahani mwalimu, huyu aliyechora alikuwa amesimama wapi?"

Darasa likacheka. Mimi nilimeza mate tu. Bahati nzuri msimamizi wangu hakuwepo siku hiyo.

Usiku nikasoma. Kumbe mara nyingi mchoraji alikuwa amekaa zake London! Miezi ile ya mwanzo wapiga picha na waandishi walizuiwa kufika mstari wa mbele, na Desemba 1914 jeshi la Uingereza likawakataza askari wake kubeba kamera. Jarida nalo lazima litoke kila wiki. Kwa hiyo mchoraji alipewa habari, mengine akajazia mwenyewe. Ufaransa mambo yalikwenda tofauti kidogo. Jarida la Le Miroir lilitangaza kwamba litalipa bei yoyote kwa picha za vita zenye uzito, na askari wakawa wanapiga wenyewe kwenye mahandaki. Humo hata maiti zilionekana.

Kipindi kilichofuata nikawaambia wanafunzi nilikosea. Hilo chuoni hatukufundishwa, na magoti yalitetemeka. Nikaubandika mchoro ule ule, safari hii nikauliza: aliyelinunua jarida hili London alitaka kuamini nini? Wakaanza kuhesabu. Waingereza waliokufa: hakuna. Matope: hakuna. Wakabishana mpaka kengele ikalia, wengine wanasema tuutupe, wengine wanasema uongo wa 1914 nao ni ushahidi wa 1914. Mimi niko upande wa hao wa pili.

Wakati nakusanya karatasi, yule binti akaja mezani. Akauliza kama nina picha ya wapagazi wa vita hivyo huku kwetu, wale walioiachia Kariakoo jina lake. Nikapekua kurasa zote 12 mbele yake. Hakukuwa na hata mmoja.