Kurejea Olkejuado

Arejeaye kwao baada ya mafuriko hukuta alama: ukuta ulioanguka, matope, mti uliong'olewa. Arejeaye baada ya ukame hukuta takriban kila kitu kimesimama mahali pake, ila uhai umepungua. Jambo hili ndilo lililomtatiza mwalimu mmoja wa fasihi aliyerudi Kajiado mnamo Januari 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kukosa mfululizo tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Serikali ya Kenya ilikuwa imeutangaza ukame huo kuwa janga la taifa mnamo Septemba 2021. Yeye alilisoma tangazo hilo gazetini, akalikunja gazeti, akaenda darasani kufundisha dhana ya mandhari.

Gari lilipopita Athi River aliutafuta uwanda wa utotoni asiupate. Kitengela aliyoijua ilikuwa ranchi ya kundi isiyokatwa kwa seng'enge. Nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi walishukia huko wakati wa mvua, wakarudi mbugani kiangazi, wakipishana na ng'ombe. Mwaka 1988 ranchi hiyo iligawanywa na kila mwanachama akapewa sehemu yake. Kuanzia mwaka 1990 eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje lilipoanzishwa Athi River, waliofuata kazi walihitaji pa kulala, na ardhi ikapata wanunuzi. Sasa pana maghorofa, maduka ya saruji na kuta ndefu. Mji hauna kosa kwa kuwa mji. Hata hivyo, yeye aliyatazama maghorofa yale kama mtu anayekwepa macho ya mdai.

Mji wa Kajiado umepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Siku ile mto ulikuwa mchanga mtupu, na watoto walichimba humo mashimo ya kuchotea maji.

Bomani aliinamisha kichwa, mama yake akakigusa. Hakuna aliyetaja ng'ombe hadi chai ilipokwisha. Kisha mama akaanza kuwataja waliokufa, mmoja mmoja kwa jina, akifuata uzao: ng'ombe, binti yake, mjukuu wake. Alikuwa na namna ya kutua baada ya kila ukoo, na sauti yake ilishuka palepale kila mara. Mwanawe aliyekwisha kuandika makala kadhaa juu ya maombolezo akaitambua fani ile mara moja, mizani yake na takriri zake. Aliona haya kwamba aliitambua fani kabla ya kuusikia msiba.

Kumbukumbu ya Wamaasai imeyapa baadhi ya majanga majina. Homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka na ndui za mwishoni mwa karne ya 19 huitwa Emutai, neno lenye maana ya kumalizwa kabisa. Huu wa sasa mama aliuita olameyu tu, ukame, kama uliotangulia na utakaofuata.

“Mbona hamkuwahamisha, Yeyo?”

“Tuliwahamisha, mwanangu. Kila tulikoelekea, seng'enge. Ule wa 1961 nilikuwa msichana, na wa 1984 wewe mwenyewe ulichunga. Mvua ilikosekana, njia hazikukosekana.”

Hakuongeza neno. Wala hakuhitaji, maana wote wawili walijua kwamba katika miaka ya 1990 baba aliiuza sehemu yao ya Kitengela ili kijana asome ng'ambo, na kwamba mnunuzi aliizungushia ua mwezi uleule. Kwa miaka mingi mwalimu alikuwa amewasimulia wanafunzi wake kisa hicho kama kielelezo cha kujitoa kwa mzazi. Kilikuwa kisa kizuri, nacho ni cha kweli. Lakini katika usimulizi wake ule ua haukuwahi kuwamo.

Alfajiri alimkuta mama zizini. Walikuwa wamesalia ng'ombe saba, na mmoja wao hakuweza kuinuka peke yake. Mwalimu akavua koti, akaenda kushika pembe.

“Huko nashika mimi,” mama akasema. “Wewe una nguvu, shika mkia.”

Wakamwinua. Ng'ombe akasimama akitetemeka, ubavu wake umeegemea bega la mwalimu, naye hakuthubutu kusogea.