Kifaa Kisicho na Jina

Mstari wenyewe ulikuwa hivi. Niliunakili kwenye daftari langu la kazi usiku ule ule na bado upo:

02:00.0 Network controller [0280]: Realtek Semiconductor Co., Ltd. Device [10ec:c821]

Niliusoma saa tano usiku, nimekaa sakafuni chumbani kwangu Tabata, laptopu iko juu ya stuli. Nikausoma tena. Kisha nikachukua simu, nikafungua grupu la familia kuangalia nilichokuwa nimeandika mchana. Kilikuwa bado kipo, na chini yake wamesoma watu wote.

Nirudi nyuma kidogo.

Mwaka ule mimi na gazeti tulikuwa tumeachana, na laptopu ya ofisi ilibaki ofisini. Nikanunua iliyotumika, HP, kwenye duka moja Kariakoo. Muuzaji alikuwa na maneno matamu jamani. Alinivutia kiti, akaniagizia soda, akaiwasha mashine mbele yangu, akaiunganisha na waifai ya dukani, akacheza video. Pembeni ya kibodi palikuwa na stika ya kijani ya NVIDIA. Akaigonga kwa kidole: "Hii ina kadi yake ya picha ya peke yake, dada. Hata filamu utahariri." Nikalipa laki sita na nusu. Risiti hata sikuikumbuka.

Windows iliyokuwemo ilikuwa nzito na kila siku inanidai usajili. Nikampelekea mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana kibanda cha kutengeneza simu Mbagala. Wakati huo alikuwa na miaka 22. Akasema, "Dada niachie, nikuwekee Ubuntu, utaona ilivyo nyepesi." Nikaiacha siku mbili. Iliporudi kweli ilikuwa nyepesi. Ila waifai haikuwepo. Sisemi kwamba ilikuwa haishiki. Haikuwepo kabisa, hata alama yake pale juu hakuna, na ukiingia kwenye mipangilio inakuambia haijaona adapta yoyote. Nikaigeuza. Chini skrubu moja haipo.

Ukiishi Dar unazijua hadithi za mafundi. Unapeleka simu ibadilishwe kioo, inarudi na betri ya watu. Kila mtu ana hadithi yake, na nikiwa gazetini niliwahi hata kuandika makala kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo kichwani mwangu habari ilikuwa imekamilika: kifaa kilikuwepo, kimepita kwenye mikono ya mtu mmoja, hakipo, na skrubu inashuhudia. Nikampigia, hapatikani. Nikampigia tena saa nane mchana, hapatikani. Ndipo nikaandika kwenye grupu, lenye watu 31, wakiwemo mama yake na mjomba wetu wa Tanga, kwamba nilimpa mashine ina kadi ya waifai, imerudi haina, na namwomba airudishe kabla mambo hayajafika mbali. Niliandika kwa ufasaha kabisa. Ndiyo kazi yangu.

Jioni nikawa nalalamika kwa mwenzangu mmoja tuliyefanya naye kazi, yeye alikuwa upande wa kompyuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja tu: "Umeangalia lspci?" Sikujua anasema nini. Akaniambia nifungue teminali, lile dirisha jeusi, niandike herufi hizo tano, niongeze nafasi na -nn, nibonyeze Enter.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo nilipokaa usiku mzima. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, ls ni amri ya kuorodhesha. Ukiandika ls unapata majina ya mafaili. Ukiandika lspci unapata orodha ya vifaa vilivyochomekwa kwenye njia za PCI ndani ya mashine: kadi ya picha, ya sauti, ya mtandao, na vingine ambavyo hutakaa uvione kwa macho. Iko ndugu yake, lsusb, kwa vya USB. Kila kifaa kina mstari mmoja. Namba ya mwanzo ni anwani: basi, kifaa, kazi. Ndiyo, wenyewe wanaiita basi ile njia, na mimi nikajikuta nasoma kama tiketi ya kwenda mkoani: basi la 02, kiti namba 00.

Kilichonishangaza ni jinsi majina yanavyopatikana. Kifaa hakijui jina lake. Kikiulizwa kinajibu kwa namba mbili, moja ya kampuni na moja ya kifaa chenyewe. Realtek ni 10ec. HP ni 103c. Intel wao wamejipa 8086, jina la chipu yao ya mwaka 1978, utani wa mafundi ambao umebaki ndani ya mamilioni ya mashine. Namba hizo zinapelekwa kwenye faili moja la maandishi ya kawaida, linaitwa pci.ids, ambalo kazi yake ni kama ya kamusi: huku namba, huku jina. Aliyeiandika amri hii ni Martin Mareš, Mcheki wa Prague, mwishoni mwa miaka ya 1990, na ile kamusi inakuzwa na watu wa kila pembe ya dunia wanaotuma majina ya vifaa walivyokutana navyo. Namba ikiwa haimo kwenye kamusi, amri haikifichi kifaa. Inakiandika hivyo hivyo, "Device", na namba yake.

Sasa rudi kwenye mstari wangu. Network controller. Realtek. Device c821. Kadi ilikuwepo. Ilikuwa imekaa kwenye kiti chake muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuiita jina.

Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia halikuwa aibu. Nilitafuta njia ya kubaki na haki yangu. Nikajiambia, sawa, ipo kadi, lakini je, ndiyo ile ile? Si anaweza kuwa amechomoa nzuri akaweka mbovu? Nikampigia tena mwenzangu, saa hizo za usiku, akaniambia niweke -v badala ya -nn. Maelezo yakawa marefu, na chini ya kadi ile palikuwa na mstari unaoanza na Subsystem: Hewlett-Packard Company. Yaani kadi yenyewe inasema ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za HP. Haiwezi kuwa ushahidi wa mahakamani, lakini mhariri wangu wa zamani angeniambia kwa chanzo hiki cha pili, habari yako imekufa, kalale.

Mwisho nikaweka -k, inayoonyesha kila kifaa kinaendeshwa na draiva gani. Vifaa vingine vyote vilikuwa na mstari unaosema draiva inayotumika. Kadi ya waifai haikuwa nao. Ubuntu aliyoniwekea mdogo wangu ilikuwa 18.04, kutoka kwenye flashi yake ya tangu yuko chuoni, na draiva ya kadi hii iliingia kwenye keneli ya Linux mwaka 2020. Flashi ilikuwa ya zamani kuliko draiva. Hakukuwa na kingine.

Nikachomeka simu kwa waya, nikatumia intaneti yake kuisasisha ile kamusi kwa amri ya update-pciids, nikaorodhesha upya. Mstari ukarudi na jina kamili: RTL8821CE 802.11ac PCIe Wireless Network Adapter. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonifanya niweke mikono usoni.

Na kabla sijazima, nikaikumbuka stika. Kwenye orodha yote kadi ya picha ilikuwa moja tu, UHD Graphics 620 ya Intel. Mwenzangu alishaniambia ya NVIDIA wakati mwingine huandikwa "3D controller", nisitafute neno VGA peke yake. Nikaandika lspci -d 10de: ili inipe vifaa vya NVIDIA tu. Haikutoa kitu. Mstari mtupu, na alama ya kungoja amri nyingine. Labda muuzaji alidanganya, labda hata yeye aliuziwa mashine yenye kava ya mashine nyingine. Ila huyo sikuwahi kumwandika kwenye grupu lolote.

Asubuhi nikaenda Mbagala. Nilimkuta anafungua kibanda. Akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo dada," na mimi marahaba ikanikwama. Simu yake ilikuwa imezimika jana yake, umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi. Nikamwonyesha orodha. Akaisoma haraka kuliko nilivyoisoma mimi, akacheka kidogo, "Ahaa, kumbe flashi yangu imezeeka." Akaweka 22.04, na waifai ikashika bila kuguswa na mtu.

Nikauliza kuhusu skrubu. Akatoa simu, akanionyesha picha ya tumbo la laptopu yangu, ya siku niliyoileta, kabla hajaifungua. Tundu lilikuwa tupu. "Napiga picha kila mashine inayoingia, dada. Watu wanasema sana."

"Sasa kwa nini hukuituma kwenye grupu?"

"Mama alinikataza. Alisema utaona mwenyewe."

Gazetini, habari ya uongo inatoka ukurasa wa kwanza na masahihisho yanatoka ndani, kwenye kona, kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Nilijitahidi nisifanye hivyo. Niliandika kwenye grupu lile lile, muda ule ule wa mchana, kwamba nilikosea, kadi ilikuwepo, mdogo wangu hakuchukua chochote, na nikaambatisha picha ya ile orodha kama ushahidi. Mjomba wa Tanga ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. Aliuliza kama hizo ni namba za LUKU, na kama ni LUKU, ni za nyumba gani.

Mama mdogo hakujibu. Alinipigia Jumapili, tukaongea bei ya mchele, na mguu wake, na harusi ya mwezi wa kumi. Hilo hakuligusa, na mimi nikashindwa kulianza. Mpaka leo hatujaliongea.

Laptopu ndiyo hii ninayoandikia. Stika nimeibandua. Tundu la skrubu bado liko wazi.