Kamera haikuwa mbovu

Wiki jana tuliahidi kuandika juu ya kosa letu, basi leo tunaliandika. Tulimwambia mzee mmoja kwamba kamera ya gari lake imekufa. Haikuwa imekufa. Na kwa ajili ya maneno yetu alituma dola 80 Kampala.

Mnaotufuata mnajua Jumamosi tukimaliza zamu kambini tunashuka Atlabara, kwenye gereji ndogo ambayo fundi mkuu anatuacha tujifunze. (Atlabara kwa Kiarabu cha huku ni kama kuambiwa "toka nje". Sisi tumeingia na tumekaa.) Mzee huyu ni dereva, gari ni lake, Toyota iliyopitia Uganda na usukani wake kulia, ingawa Juba tunaendesha upande wa kulia. Anakodishia mashirika. Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, pale juu, kuna kamera inayosoma mistari ya barabara na gari lililo mbele, ili gari lipige kelele au lifunge breki lenyewe. Mtacheka, mistari yenyewe iko wapi huku kwetu? Lakini taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, mkaguzi wa shirika hakupi safari. Hakuna safari, hakuna pesa ya siku. Mzee alikuwa amekaa siku tisa.

Tulichomeka skena. Ikasema volti ndogo kwenye kamera. Tukafuta, taa ikazimika, mzee akafurahi. Kesho yake akarudi. Tukafuta tena. Mara ya tatu tukaona aibu, tukasema kwa sauti ya watu wanaojua: "Mzee, hii kamera imekwisha, agiza nyingine."

"Vijana wangu, mna uhakika?"

Tukasema ndiyo.

Fundi mkuu alikuwa amesafiri kwenda Nimule. Aliporudi hakutugombeza, aliuliza tu: "Mlipima nini?" Tukanyamaza. Hatukuwa tumepima kitu. Skena ilisema kamera haipati chakula cha kutosha, sisi tukasikia kwamba kamera ni mgonjwa.

Basi tukaanza upya na mita. Betri, injini ikiwa imezimwa: 12.5, hiyo ni nzuri, maana iliyojaa huwa kama 12.6 na ikishuka 12 imekaribia kwisha. Tukawasha injini: 14.1, kwa hiyo altaneta inachaji. Fyuzi nzima. Tukachomoa plagi ya kamera, tukapima kwenye waya wake wa umeme: 14.0. Tukaangaliana. Mmoja wetu akasema, si mnaona, umeme upo, kamera ndiyo mbovu!

Hapa ndipo tulipojifunza kitu ambacho tungependa kila kijana anayeshika mita akijue. Mita haivuti umeme, inachungulia tu. Waya uliobaki na unyuzi mmoja utakuonyesha volti zote, kama bomba lililoziba karibu lote: ukifunga koki, presha ipo, ukifungua yanatoka matone. Fundi akachukua balbu ya taa ya breki, ya wati 21, akaiunga kwenye ile plagi mahali pa kamera. Ikawaka kama kibatari. Mita ikashuka mpaka 7.1.

Sasa volti nyingine zimepotelea wapi? Tukiacha balbu inawaka, tukapima kutoka hasi ya betri mpaka waya wa athi wa kamera: 0.04. Huko salama. Tukapima kutoka chanya ya betri mpaka waya wa umeme wa kamera: karibu 7. Kumbe zote zinaliwa upande wa chanya, njiani.

Tukashusha kitambaa cha dari taratibu. Kwenye kona, juu ya nguzo ya kioo, tukakuta waya umekatwa na kusokotwa kwa vidole, umefungwa tepu iliyoyeyuka kwa joto, shaba imekuwa kijani. Mtu alikuwa amefunga kamera ndogo ya kurekodi safari, akaiba umeme hapohapo. Ndiyo maana taa ilipenda kuwaka kwenye mashimo. Tukakata palipooza, tukaunga kwa risasi, ile ya kurekodi tukaipa fyuzi yake yenyewe. Balbu ikawaka vizuri, mita 13.8. Taa ya njano haijarudi, ni wiki ya tano sasa.

Ninyi wa mashirika mnaofungia magari vifaa vya kufuatilia, tafadhali ulizeni fundi wenu anachukua umeme wapi.

Na hata ile kamera ya Kampala ingefika, isingesaidia. Waya ungekuwa uleule, tena kamera ikibadilishwa lazima ipangwe upya kwa skena yenye programu yake na ubao maalumu mbele ya gari, kwenye sakafu iliyo sawa. Gereji yetu haina. Mzee angebaki na taa mbili za njano badala ya moja.

Muuzaji amekataa kurudisha dola 80. Zilikuwa sehemu ya ada ya shule ya binti yake. Mzee hakutudai, alisema tu, "Mngeniambia hamjui, ningengoja." Tunamlipa kidogokidogo kutoka posho zetu za kujitolea. Mpaka jana tumefika dola 35.