Kosa la Mkono Wangu

Mtu akishindwa na kazi mbele ya watu, jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta wa kumlaumu, na la mwisho ni kuitazama mikono yake mwenyewe. Hayo niliyajua zamani kwa kuyasoma na kuyafundisha. Niliyajua kwa kuyatenda siku nilipounda kompyuta ya mezani huko Mashewa, nayo ikakataa kuamka.

Mashewa ni kata ya Wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Shule niliyofundisha haikuwa na kompyuta. Mitihani ilipelekwa mjini Korogwe kupigwa chapa, na zaidi ya mara moja mvua ilifunga njia, wanafunzi wakakaa madawatini pasipo karatasi. Wazazi wakaamua kuchanga. Aliyekuwa na fedha alitoa fedha. Asiyekuwa nazo alitoa mahindi au maharage, yakauzwa. Kilichopatikana hakikutosha kununua kompyuta iliyo kamili. Nikasimama mkutanoni, nikasema kuwa vipande vikinunuliwa kimoja kimoja gharama itapungua, na kuwa mimi nitaviunga. Watu wakaniamini. Kwa maneno yale niliweka rehani heshima yangu pamoja na mahindi ya watu.

Vipande vilinunuliwa Tanga. Mpwa wangu, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alikwenda kuvichukua, akarudi kwa basi amevipakata. Nilifanya kazi usiku mmoja kwa bisibisi na kijitabu cha maelezo, ambacho, nakiri, nilikisoma kwa kurukaruka kama mtu anayeijua hadithi kabla ya kusimuliwa.

Asubuhi wajumbe wa kamati walikuja kutazama. Nilibonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka, watu wakapiga makofi. Lakini kioo kilibaki cheusi, kikaandika tu kwamba hakuna ishara. Nikabonyeza mara ya pili na ya tatu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kuna nini?" Sikuwa na jibu. Nikamgeukia mpwa wangu, nikasema, "Mzigo huu uliangushwa njiani."

"Mjomba, sikuuangusha," alisema. "Niliupakata mpaka hapa."

Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, kama ilivyompasa kijana mbele ya mjomba wake na wazee. Na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ni kukiri. Kabla ya jua kuchwa, sokoni watu walikuwa wakisema kwamba kijana fulani amevunja kompyuta ya shule.

Siku tatu nilitafuta kosa. Nilichomeka taa katika soketi ya ukutani, ikawaka, umeme ulikuwapo. Niliunganisha kioo na kompyuta mpakato ya mwalimu mwenzangu, kikaonyesha picha. Kioo kilikuwa kizima. Nilichomoa vipande viwili vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu, nikavirudisha kimoja kimoja mpaka vibano vikalia. Kioo kikabaki cheusi. Nilitoa kila kitu katika kasha, nikaliweka bao kuu, yaani mazabodi, juu ya boksi la karatasi, nikihofu kuwa skrubu iliyopotea chini yake inaleta shoti. Sikuona skrubu wala shoti. Katika kila jaribio nilitumaini kuona ufa, kwa kuwa ufa ungenipa haki. Sikuuona.

Usiku wa tatu, baada ya kukosa pa kwenda, nilikisoma kijitabu tangu ukurasa wa kwanza. Humo niliona kuwa bao hupokea umeme kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni plagi kubwa ya pini 24, nayo nilikuwa nimeichomeka. Ya pili ni plagi ndogo ya pini 8, pembeni mwa bao, inayopeleka volti 12 kwa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mtambo. Tundu lake lilikuwa tupu. Waya wake ulikuwa umekunjwa nyuma ya kasha, mahali nilipoukunja kwa mkono wangu. Niliuchomeka, nikabonyeza swichi, na kioo kikajaa maandishi.

Nilikuwa nimedanganywa na feni. Nilidhani kwamba umeme ukifika nyumbani umefika katika kila chumba. Mtu wa Korogwe hakupasa kudhani hivyo. Kituo cha Hale, katika Mto Pangani, kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Nyaya zake zilipeleka umeme Tanga na Dar es Salaam, na vijiji vingi vilivyokuwa karibu vilikaa na vibatari miaka mingi baada ya hapo.

Kulaumu kabla ya kuchunguza si ugonjwa wa mtu mmoja tu. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya hesabu iliyotegemea mitambo hiyo ilipoleta hasara, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Huenda hasira ile ilikuwa na sababu zake. Lakini chuma hakijifundishi wala hakijipangi, na upungufu wa ujuzi na wa mipango haukuondoka kwa kufungiwa mlango mitambo. Marufuku ilikuja kulegezwa, nasi tukaanza kujifunza tulichochelewa kujifunza.

Kulipokucha nilikuwa na kazi ngumu kuliko ile ya nyaya. Nilishawishika kuwaambia watu kwamba kompyuta imetengenezeka, basi. Lisingekuwa neno la uwongo, lakini kijana angebaki na hatia isiyo yake. Niliita kamati ile ile, katika chumba kile kile, nikamsimamisha mpwa wangu kando yangu, nikawaonyesha tundu na waya. Nikasema, "Kosa lilikuwa langu. Huyu aliufikisha mzigo salama." Kisha nikamwomba radhi. Alitazama chini, akasema, "Yamekwisha, mjomba." Yule mzee akasema kwamba hapo chumbani yamekwisha, lakini sokoni bado.

Alisema kweli. Habari ya kwanza ilifika sokoni kwa nusu siku bila ya mchukuzi. Ya pili niliipeleka mwenyewe kwa miguu, kibanda kwa kibanda, kwa muda wa juma zima, na hata hivyo wako walioisikia ya kwanza wasiisikie ya pili.

Mitihani ya muhula ule ilichapwa Mashewa. Tangu hapo, kitu kikiharibika mikononi mwangu, huanza kutafuta pale nilipogusa mimi. Mara nyingi kosa halipo hapo. Lakini nikiisha kupatazama, naweza kumwuliza mwenzangu pasipo kumhukumu.