Samaki Mlafi na Meza ya Kwanza



Katika seminari yetu kila frateri hupangiwa kazi ya mikono. Wengine hupewa bustani, wengine nguruwe, wengine usafi wa kanisa. Sisi wawili, tulipoanza mwaka wa pili wa falsafa, tulisoma majina yetu kwenye ubao wa matangazo na pembeni yake pameandikwa: tangi la samaki. Wenzetu walicheka sana. Walisema tumepewa likizo. Na sisi, tukweli tuwe, tulidhani hivyo hivyo.

Tangi lenyewe ni la kioo na liko katika chumba cha wageni. Lina urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kina cha 50, kwa hiyo likijaa linachukua kama lita 240. Tulilipokea kwa mfadhili mmoja aliyekuwa anahama, pamoja na samaki wake 14. Kumi na wawili ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wale ambao wavuvi wa upande wa Malawi huwaita mbuna. Ni wadogo, lakini rangi zao zinavutia: wa njano, wa buluu, wenye milia myeusi. Wageni wengi hudhani wametoka baharini. Wawili waliobaki walikuwa kambale wadogo wenye madoa, jamaa za wale wanaoitwa gogogo kule Ziwa Victoria. Hao mchana hujificha chini ya mawe, na giza likiingia ndipo hutoka kutafuta riziki.

Maagizo yalikuwa mepesi: walisheni mara moja kwa siku, baada ya sala ya Malaika wa Bwana ya saa sita mchana. Mfuniko wa tangi una kidirisha kidogo kwenye kona ya kulia, karibu na mlango. Unafungua kidirisha, unatia chakula kidogo, unafunga, unakwenda zako bwaloni.

Haikupita wiki tukawa tumemfahamu Esau. Ni sisi tuliompa jina hilo, kwa sababu ya yule ndugu aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Alikuwa dume la njano, mkubwa kuliko wote. Alijua hatua zetu. Mlango ulipofunguliwa tu, tayari alikuwa amesimama chini ya kidirisha, mdomo juu. Chakula kilipogusa maji alikibugia, akatema kidogo kwa kukosa nafasi mdomoni, akakirudia. Mwenzake yeyote aliyesogea alifukuzwa hadi kona ya pili, kisha Esau akarudi mbio kabla chembe hazijazama. Wengine walisubiri nyuma ya mawe. Kambale hata hatukuwaona.

Tulimcheka Esau kwa siku kadhaa. Wageni nao walimpenda, maana ndiye pekee aliyewafuata kwenye kioo. Halafu jioni moja tulimulika tochi chini ya mawe, tukamwona kambale mmoja. Tumbo lake lilikuwa limebonyea ndani kama kijiko. Tulitazamana. Tulikuwa tumewalisha kila siku bila kukosa, na humo ndani kulikuwa na kiumbe mwenye njaa.

Dawa yetu ya kwanza ilikuwa kuongeza chakula. Tulijiambia kwamba Esau akishiba kabisa, kitabaki cha wengine. Hesabu hiyo ilionekana sahihi, lakini matokeo yakawa mabaya. Esau alikula zaidi, na kilichomshinda kilianguka katikati ya kokoto na kuoza. Siku ya nne maji yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na samaki walikuwa juu wakihema. Baadaye ndipo tulipojifunza kinachotokea. Chakula kinachooza na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Katika kichujio huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Lakini bakteria hao ni wengi kadiri ya taka walizozizoea. Ukizidisha ghafla, wanazidiwa. Tulibadilisha robo ya maji siku ile, na robo nyingine kesho yake. Hata hivyo asubuhi ya tatu tulimkuta kambale mmoja amekufa nyuma ya kichujio. Kama ni njaa au kama ni maji, yote mawili yalitoka mikononi mwetu.

Dawa ya pili ilikuwa adhabu. Tulichukua kikapu cha plastiki chenye matundu, tukakining'iniza ndani ya tangi, na kila saa sita mchana tulimtia Esau kifungoni hadi wenzake wamalize kula. Siku mbili za kwanza tulifurahi. Siku ya tatu, dume la buluu lenye milia, ambalo hatukuwahi kulisikia likigombana na mtu, lilisimama chini ya kidirisha mdomo juu. Lilifukuza wengine vile vile, hadi kona ile ile. Tulimfunga Esau mmoja, akatokea Esau mwingine.

Tulikwenda kwa Padre mlezi tukalalamika. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kopo la chakula linashikwa na nani?"

Tukajibu, "Na sisi, Padre."

"Basi mwacheni samaki."

Tulitoka pale tumenyamaza. Katika somo la maadili tulikuwa tumesoma jinsi Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, anavyoeleza njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kutaka vilivyopikwa kwa anasa, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Kwa upande wa pupa na kupita kiasi Esau alikuwa na hatia kamili, kama angekuwa mtu. Lakini samaki hana akili wala utashi, na hawezi kutenda dhambi. Mbuna ziwani hushinda wakikwangua mwani juu ya miamba, kidogo kidogo, mchana kutwa. Mwamba ni mpana, na mmoja hawezi kuukalia wote. Sisi tuliwatoa kwenye meza hiyo pana tukawapa tundu moja, kona moja, dakika moja kwa siku. Kwa meza ya namna hiyo, lazima mmoja awe Esau.

Tena tuligundua kwamba hata yeye tulikuwa tunamwua. Mbuna wala mwani wana utumbo mrefu, uliofanywa kwa chakula cha majani. Wakijazwa chakula kizito wanaweza kuvimba tumbo na kufa. Kwa hiyo tangi letu lilikuwa na wagonjwa wa aina mbili, mwenye njaa na mwenye shibe, na mlishaji wao alikuwa yule yule.

Ndipo tulipoacha kuhangaika na Esau tukabadilisha namna ya kulisha. Tuliutoa mfuniko wote. Mmoja wetu alisimama kulia, mwingine kushoto, tukatia chakula kwa wakati mmoja, kidogo tu, kile wanachoweza kumaliza kwa dakika mbili. Esau alikwenda kulia, akakumbuka kushoto, akakimbilia huko, akarudi. Alipokuwa njiani wenzake walikula. Sehemu ya chakula tuliilowesha kwanza kwenye kikombe ili izame haraka, iwafikie wanaoogopa kupanda juu. Mara mbili kwa wiki tulifunga jani la mchicha lililochovywa kwenye maji ya moto juu ya jiwe, wakalikwangua pamoja kama walivyozoea kwao. Kwa ajili ya kambale aliyebaki, tulirudi baada ya Sala ya Usiku, tukazima taa, tukasubiri, tukadondosha punje tatu au nne nzito karibu na pango lake. Na Ijumaa hatukuwapa kitu. Samaki wazima hawadhuriki kwa siku moja bila chakula, na maji hupata nafuu. Wenzetu walisema tumewabatiza.

Kama mambo yangeishia hapo, tusingeandika makala hii.

Usiku mmoja tulikuwa gizani tunamsubiri kambale. Frateri mmoja wa mwaka wa kwanza aliingia, akaomba kukaa nasi. Tulimweleza kwa nini tumezima taa: kwamba huyu hapiganii chakula, kwamba ukimpa wakati wa wengine hapati hata punje, na kwamba kwa muda mrefu tulidhani ameshiba kwa sababu hakuonekana akitafuta. Kambale alitoka, akaokota punje yake polepole. Yule ndugu alimtazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayetania:

"Basi kaka zangu, huyo ndiye mimi wa Jumapili."

Tulicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Ndugu msomaji, lazima tueleze bwalo letu. Chakula huletwa katika sufuria kubwa, na sufuria huanzia meza ya kwanza, karibu na jiko. Siku za maharage hakuna tatizo, maana maharage ni mengi. Jumapili kuna nyama. Sufuria ikifika meza ya mwisho, mara nyingi imebaki mchuzi. Meza ya mwisho ni ya mwaka wa kwanza, na mwisho kabisa wa meza hiyo ndipo alipokaa yeye, mpole, asiyezoea kuomba. Sisi tulikuwa tumemwona mara nyingi akila wali na mchuzi mtupu. Tulikuwa hata tumemsifu mbele ya wengine kwamba ni kijana wa kujinyima, ana roho ya malipizi. Tulimpa sifa ya utakatifu ili tusilazimike kuuliza kama sufuria ilimfikia.

Na sisi wawili tulikaa wapi? Meza ya kwanza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo tuliifahamu tangu shule ya msingi, bila kujua inatusema sisi.

Usiku ule hatukulala vizuri. Kilichotuchoma zaidi ni kwamba hakuna aliyetenda ubaya kwa makusudi. Hakuna frateri aliyeiba kipande cha mtu. Kila mmoja alichota kilichoonekana cha kawaida mbele yake, na jumla ya ukawaida huo ikawa njaa ya ndugu mmoja. Tulikumbuka kwamba Kanisa la mwanzo kule Yerusalemu lilipata shida kama hiyo. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwahubiria wajane wawe na subira. Waliagiza wachaguliwe watu saba wasimamie ugawaji. Mtume Paulo naye, katika sura ya 11 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anawakemea wanaokula mapema huku wenzao wana njaa, na anawaagiza wangojane. Na Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 34 na 35 ya Kanuni yake, anataka kila mmoja apewe kadiri ya mahitaji yake, na ndugu wahudumiane jikoni na mezani kwa zamu.

Tulikwenda tena kwa Padre mlezi, safari hii bila kumlalamikia mtu. Tuliungama kwanza habari ya meza ya kwanza, kisha tukapendekeza mambo mawili: sufuria ianzie meza tofauti kila wiki, na nyama ya Jumapili igawiwe na mtu mmoja kwa kila meza, ambaye mwenyewe atachukua mwisho. Halikuwa jambo jipya. Nyumbani kwetu wengi, watoto walikula wali katika sinia moja, kila mkono na kasi yake, lakini nyama mama aliizuia kando akaigawa mwishoni, mmoja mmoja. Mama zetu walijua kwamba mtoto mwepesi wa mkono hahitaji hotuba, na mtoto mzito hahitaji huruma. Wote wawili wanahitaji mgawaji.

Jumapili ya kwanza palikuwa na manung'uniko, na mengine yalitoka mioyoni mwetu. Zamu ilikuwa imetuweka mwisho, na vipande vilikuwa vidogo kuliko tulivyozoea. Tulitambua wakati huo ni kwa kiasi gani tulikuwa tumeizoea kona yetu. Yule ndugu wa mwaka wa kwanza alipata kipande chake, akala, hakusema lolote. Hakuna aliyemshangilia, na ndivyo ilivyopaswa.

Tunawaandikia mafrateri wenzetu, kwa sababu kesho tutakabidhiwa parokia, na kopo la chakula litakuwa mikononi mwetu: misaada ya wahitaji, muda wa kuwasikiliza watu, nafasi za kuongea katika mikutano. Watakaotusubiri mlangoni mdomo juu watakuwa wale wale kila siku, na itakuwa rahisi kuwadhania kuwa ndio parokia nzima. Tunawaandikia pia ninyi waamini katika Jumuiya zenu Ndogo Ndogo. Sherehe ijayo ya kipaimara au ya somo wa Jumuiya, kabla ya kunawa mikono, tazameni sahani za wale waliokaa mbali na jiko.

Esau bado yupo. Bado ni wa kwanza kufika, na tumekwisha kumsamehe kosa ambalo hakulitenda. Tumbo la kambale limejaa. Leo ni Ijumaa, kwa hiyo hakuna chakula, lakini baada ya Sala ya Usiku tutapita tena na tochi kuchungulia chini ya mawe.