Mnana wa Ziwa Tshangalele

Atokaye Likasi na kufika Kapolowe huyaona maji mapana ya Ziwa Tshangalele. Zamani ziwa hili halikuwako. Mto Lufira ulizuiwa huko Mwadingusha mwaka 1930, nayo maji yakaifunika nchi tambarare.

Asubuhi moja tuliwapeleka wanafunzi wetu ukingoni. Tuliwauliza majina ya ndege. Bata walimtaja, korongo pia, lakini ndege mdogo wa manjano, mwenye uso mweusi, walisema, “Huyo ni ndege tu, Mwalimu.”

Kumbe huyo ni mnana wa Lufira, asiyejulikana penginepo duniani ila katika bonde la mto huu! Mtaalamu Ruwet alimpata hapa mwaka 1960. Mwaka 1982 akatambuliwa kuwa aina ya pekee. Baadaye wataalamu hawakumwona tena mpaka mwaka 2009. Wao walimtafuta kwa taabu, na sisi tulikuwa tukipita chini ya viota vyake, tukikata kuni katika vichaka vya majini anamofuma.

Kijana mmoja aliyevaa manati shingoni alihesabu viota kimyakimya. Kisha akaivua manati, akaitia mfukoni.

Wazazi, wafundisheni watoto majina ya viumbe vya ziwa letu, na mwasaze vichaka vya ukingoni. Mnana huyu hana bonde jingine la kukimbilia. Na mtu hulinda kile anachokijua kwa jina.